Matete Niliyoyakunja Gendabi

Kosa langu kubwa la mwanzo katika kupiga picha za ndege ni kwamba nilimnyima mzee shikamoo kwa sababu ya korongo. Naliandika hapa juu kabisa, Neema na Elia, ninyi mnaobaki studio, ili msije mkadhani nimelizungushia maneno. Niliwahi kulizungushia maneno, na mtasoma lilivyonirudia.

Ninasema nimestaafu. Bwana Lohay, mwenye studio, anasema mtu wa miaka thelathini na mbili hastaafu, anaacha kazi. Sawa. Baba amechoka, shamba la Gehandu linahitaji mtu, na mtu huyo ni mimi. Lakini nimekaa Katesh miaka kumi nikipiga picha, na nimeona wastaafu wengi wakija kupiga picha za vitambulisho vyao vya mwisho. Wote wanakuwa na hamu ya kumweleza mtu jinsi kazi ilivyokuwa. Nimegundua hamu hiyo haisubiri mvi.

Siku ya kwanza studio nilifika saa moja kabla ya kufunguliwa, nikasimama mlangoni nimevaa shati la kanisani. Bwana Lohay akanipa kiti, kitambaa cha bluu na sheria zake. Masikio yote mawili yaonekane. Mabega yawe sawa. Kichwa kiwe katikati. Nyuma pasiwe na kitu. Mtu asitabasamu, akitabasamu, subiri achoke. Nilizipenda sheria zile kuliko nilivyopenda kamera. Mimi ni mtu wa kurudia kufunga mlango mara tatu nikihakikisha umefungwa. Kazi yenye jibu sahihi na jibu baya ilinipa usingizi. Kwa mwaka mzima hakuna picha yangu hata moja iliyorudishwa, na kila nilipoikabidhi moyo ulinidunda kana kwamba ndiyo itakayorudishwa.

Ndege walianza kwa bahati mbaya. Nilikuwa Balangdalalu kwenye harusi, pikipiki ikazima, nikaisukuma hadi kwa fundi anayeitwa Hosea. Wakati anafungua kabureta nikampiga picha ndege wa bluu aliyekuwa kwenye waya, yule tunayemwita mdiria. Nikamwonyesha. Hosea akafuta mikono kwa kitambaa kichafu zaidi ya mikono yenyewe, akaangalia.

"Umempiga kama mtu aliyekamatwa," akasema.

Kisha akatoa simu yake akanionyesha picha ya tai aliyoipiga kwa kuiegesha simu kwenye tundu la darubini kuukuu. Pembeni kote ilikuwa nyeusi, duara tu katikati ndilo lenye picha. Lakini tai alikuwa anageuza shingo, na ungeapa kwamba anakutazama wewe uliyeishika simu. Nilijisikia vibaya. Nilikuwa na kamera ya studio yenye lenzi ndefu ya mtumba, na fundi pikipiki alikuwa na darubini iliyofungwa kwa mpira wa tyubu.

Hosea akaniingiza kwenye grupu lao la simu. Walikuwa watu kumi na mmoja, wa Hanang na Mbulu: walimu wawili, dereva wa lori, katekista, wakulima, na Mama Paskalina wa Dongobesh, muuguzi mstaafu, ambaye ndiye aliyeanzisha. Sheria zao zilikuwa nne. Kila Ijumaa kila mtu anaweka picha moja, si mbili. Wengine wote wanasema jicho lao lilienda wapi kwanza, na kitu kimoja ambacho wangekiondoa. Neno "nzuri" ni marufuku. Na mwenye picha ananyamaza mpaka wa mwisho amalize. Baada ya hapo anasema asante na kuuliza swali moja tu.

Nilikaa Ijumaa saba bila kuweka picha. Kila wiki nilichagua moja, nikaikuza, nikaona kasoro, nikaifuta. Nikifuta picha huwa nasikia nafuu kidogo, kama mtu aliyekwepa mtihani. Ijumaa ya nane Hosea akaandika mbele ya wote: "Jamani, huyu wa Katesh nilimleta akiwa hai. Kuna mwenye habari zake?" Ikabidi niweke. Niliweka mdiria yule yule, katikati kabisa, kifua mbele, nyuma anga tupu.

Dereva wa lori alikuwa wa kwanza. "Jicho langu lilitafuta muhuri."

Hosea akafuata. "Anaomba hati ya kusafiria? Anaenda nchi gani?"

Mama Paskalina aliandika baadaye, taratibu, kama kawaida yake. "Jicho langu lilienda kwenye anga, kwa sababu ni nyingi. Ningeondoa umbali. Aliyepiga picha hii alisimama mbali kwa sababu anaogopa kukosea."

Mimi hapo hapo nikavunja sheria ya nne. Niliandika maelezo marefu: kwamba jua lilikuwa juu, kwamba pikipiki iliharibika, kwamba lenzi ni ya mtumba, kwamba kwa taaluma yangu mtu hukaa katikati. Nilipomaliza nikayasoma mara mbili nikasahihisha mkato mmoja, nikatuma. Mama Paskalina akajibu: "Mwanangu, mgonjwa hamwambii nesi joto lake. Nesi anapima. Nyamaza tupime."

Nililia. Sikulia sana, lakini nililia, chooni, mchana wa kazi, na mteja ananisubiri kwenye kiti na masikio yake mawili. Naliandika hilo kwa ajili yako Elia, kwa sababu nilikuona wiki ile nilipokwambia mwanga wako umelala upande mmoja. Haiui. Inauma tu kama kiatu kipya.

Nilichojifunza mwaka ule nakiandika kwa kifupi, maana vifaa mtavirithi. Ule mfuko wa kitambaa ulio kwenye kabati, mnaodhani ni mto, ni wa kulazia lenzi unapolala kifudifudi. Mama Paskalina alinishonea mwenyewe nilipokwenda Dongobesh kumsalimia. Ndani ni maharage. Ujazeni nusu tu; ukijaa unakuwa jiwe na lenzi inateleza. Kila baada ya miezi miwili badilisheni maharage, la sivyo mtakuwa mnafuga wadudu, na wadudu hao hawapendezi kwenye picha. Jua liwe mgongoni kwenu, la asubuhi, kabla halijawa kali. Jicho la ndege ndilo liwe kali. Mkia ukififia hakuna atakayelalamika, jicho likififia hakuna kingine kitakachokuokoa. Mwachieni nafasi mbele ya uso wake, upande anaotazama. Na mara ya kwanza kwenda mahali, nendeni kamera ikiwa ndani ya begi. Hilo la mwisho Mama Paskalina aliniambia mara tatu. Mara zote tatu nikaitikia ndiyo mama, na sikulifanya.

Mwaka wa pili grupu likaamua kutengeneza kalenda ya ukutani. Miezi kumi na miwili, watu kumi na wawili pamoja na mimi, kila mtu mwezi wake. Nilipewa Juni. Mwenzangu mwingine angefurahi. Mimi nilianza kuota ukuta wa jikoni kwetu Gehandu, mama yangu amesimama mbele ya Juni, na picha ina kasoro, na kasoro hiyo inakaa siku thelathini.

Hosea ndiye aliyeniambia kuna korongo taji wametaga Gendabi, kwenye bwawa dogo lililo katikati ya malisho. Mnawajua, wale warefu wenye taji la dhahabu kichwani. Masika yalikuwa yanakatika na bwawa lilikuwa bado na maji, matete yamelizunguka upande mmoja. Nilifika asubuhi, kamera mkononi, si ndani ya begi. Nikalala kifudifudi, nikaanza kujivuta kwa viwiko. Korongo alikuwa amelala juu ya kiota, taji tu ndilo linaonekana, na matete yamesimama mbele yake kama watu kwenye foleni.

Hapo ndipo mzee alipokuja. Nilimwona kwa pembeni: shuka jeusi, fimbo, miguu mirefu, viatu vya tairi. Alisimama hatua tano kutoka kichwani kwangu. Nilijua anachosubiri. Mtoto yeyote wa Hanang anajua. Unamwona mzee, unasimama, unasema shikamoo. Hata kama umebeba gunia, unalishusha. Lakini korongo alikuwa ameanza kuinua shingo. Nikajiambia, nikisema neno ataruka. Nikanyamaza, jicho langu kwenye lenzi, nikihesabu pumzi zangu.

Mzee alisimama muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hata nyoka akiniona anasogea."

Akaondoka. Korongo wala hakuruka. Aliyazoea maneno ya mzee yule kuliko nilivyoyazoea mimi.

Aibu ingetosha kunirudisha nyumbani, lakini ilinifanya nione kwamba sasa lazima picha ipatikane, la sivyo nimekosa adabu bure. Korongo alipoinuka kwenda kula pembeni, nikaingia majini hadi magotini. Nikayakunja matete ya mbele, fungu kwa fungu, nikayapitisha nyuma ya mengine yakae. Mayai yalikuwa matatu. Nikarudi mahali pangu. Korongo alikawia. Alizunguka, akasimama mbali, akainamisha kichwa, akazunguka tena, na jua likawa linapiga mayai muda wote huo. Hatimaye akarudi. Akasimama juu ya mayai, mwanga umemkaa begani, taji linawaka, hakuna jani hata moja mbele yake. Nilipiga picha mfululizo mpaka kidole kikauma. Kisha nikaondoka haraka, na matete nikayaacha vilevile, kwa sababu sikutaka kumwinua tena. Ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba niliogopa mzee atarudi.

Ijumaa nikaiweka. Katekista akaandika jicho lake lilienda kwenye taji, na hana cha kuondoa. Dereva wa lori akaandika kwamba leo hakuona muhuri. Hosea akaandika, "Mimi naondoka kwenye grupu, nikauze darubini." Nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti cha wateja, nimeshika simu kwa mikono miwili. Sikuwahi kusikia vile maishani.

Mama Paskalina akaandika mwisho. "Jicho langu lilienda kushoto, chini. Matete yamekunjika na mkunjo bado mbichi. Sina cha kuondoa. Nani ameyakunja?"

Ilikuwa zamu yangu. Ningeweza kusema asante. Ningeweza kusema mimi. Vidole vyangu vikaandika, "Ni ng'ombe. Mzee mmoja analisha pale."

Someni tena sentensi ile. Sikutaja jina, kwa kuwa sikulijua. Wala sikuhitaji kulijua. Kwetu sisi wakulima, ukisema ng'ombe wameharibu, hakuna anayeuliza swali la pili. Hiyo imekuwepo kabla yangu. Mimi niliichukua ikiwa tayari imepikwa nikaipakua.

Wiki mbili baadaye Hosea akanipigia, amefurahi. "Kaka, picha yako imefanya kazi! Mwalimu mmoja wa grupu ameipeleka kwa kamati ya mazingira ya kijiji. Wamemzuia Mzee Gidamur, ng'ombe wake wasikanyage tena bwawani. Korongo wako wako salama."

"Ng'ombe watakunywa wapi?"

"Kisima cha ng'ambo. Nusu siku kwenda na kurudi. Lakini si wana miguu?"

Nilifunga simu nikaenda kufunga mlango wa studio. Niliufunga mara sita. Mvua zilikuwa zimekwisha. Nilijua maana ya nusu siku ya kutembea kwa ng'ombe mwenye ndama, maana nimekulia karibu na ng'ombe. Nilijua pia kwamba hakuna mtu duniani anayejua ukweli zaidi yangu, na kwamba kalenda ilikuwa inakwenda kuchapishwa wiki ile.

Nilimpigia Mama Paskalina. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi ili nisikosee. Nilifika mstari wa pili.

"Shikamoo mama. Mama, yale matete..."

"Marahaba. Nilijua tangu Ijumaa ile."

"Ulijuaje?"

"Ng'ombe hakunji, mwanangu, ng'ombe anakanyaga. Yale yalikuwa yamepitishwa nyuma ya mengine kama mtu anayesuka nywele. Ng'ombe gani anasuka?"

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilisema jicho langu lilikwenda wapi. Nikakuuliza. Jibu lilikuwa lako." Akakohoa. "Lakini sikujua kama watamfungia mzee wa watu maji. Ningejua ningekuja Katesh na fimbo. Sasa sikia. Ile sheria ya kunyamaza ni ya picha. Hili si picha. Panda pikipiki."

Hosea alinipeleka. Nilimweleza njiani, upepo unavuma, na nilidhani hakusikia. Tulipofika kwenye kilima cha mwisho akasimamisha pikipiki, akanigeukia. "Yaani mimi nilimpigia mwalimu kumpongeza." Alibaki pale na pikipiki, nikashuka kwa miguu.

Mzee Gidamur alikuwa amekaa kivulini nje ya boma lake, anachonga mpini wa shoka. Nilisimama hatua tano kutoka kwake.

"Shikamoo, mzee."

Akaendelea kuchonga. Nikarudia. Akapuliza vumbi la mti.

"Leo umepata mdomo."

"Ndiyo, mzee."

"Hiyo shikamoo ni ya leo au ya siku ile?"

"Ni zote mbili."

Akanitazama mara ya kwanza. "Marahaba moja. Hiyo nyingine nitaiangalia. Sema."

Nikasema. Nilisema kwa kurudia rudia. Nilimweleza nilivyoingia majini, nilivyokunja, nilivyoandika. Mke wake alitoka ndani akasimama mlangoni akisikiliza. Nilipomaliza, mzee aliuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Wewe ulidhani ng'ombe wangu wanakunywa upande gani?"

"Sijui, mzee."

"Upande wa mawe. Tangu baba yangu. Kule kwenye matete kuna tope, ng'ombe anazama. Korongo wanajua hivyo, ndiyo maana wanalala pale. Ungeniuliza ningekwambia. Lakini wewe ulikuwa una kazi ya kulala kwa tumbo."

Mke wake akacheka, kicheko kifupi, akaziba mdomo. "Baba, muulize kama amekula."

"Ale nini? Ni mtu wa mjini, anakula picha." Kisha akaweka mpini chini. "Kesho kutwa kuna mkutano wa kijiji. Mimi nikisema, watasema mchungaji anatetea ng'ombe wake. Utasema wewe."

Nilisema mimi. Kijiji kimejaa watu kama baba yangu, wenye majembe na makoti ya sufu, na wachungaji wamesimama upande wao. Mtendaji akaniuliza kama nina ushahidi. Nilikuwa nao. Mimi ninayefuta kila kitu sikuwa nimefuta picha za siku ile, kwa sababu nilizipenda. Kamera huandika saa. Nilizipitisha kwenye kompyuta ndogo ya studio: hii matete yamesimama, hii baada ya nusu saa yamekunjika, na kati yake hakuna ng'ombe, kuna mimi. Mkulima mmoja nyuma akasema kwa sauti ya kusikika, "Mtoto wetu mwenyewe anatuvua nguo." Mwingine akamjibu, "Zake alizivua mwenyewe, wewe ulimshikia tu." Watu wakacheka. Sikucheka.

Mtendaji alifuta zuio siku hiyo hiyo. Walikubaliana ng'ombe wanywe upande wa mawe, yaani pale pale walipokuwa wanakunywa siku zote. Kikao kiliandika makubaliano mapya, watu wakatia sahihi, na Mzee Gidamur alitia dole gumba akiwa ametulia kabisa, kama mtu anayepewa shati lake.

Kisha ikaja Ijumaa. Niliomba Juni yangu iondolewe kwenye kalenda. Niliandika kwenye grupu kila kitu, bila picha, na nikamalizia kwamba natoka ili nisiwaaibishe. Nikaweka simu kifudifudi mezani nikampiga mteja picha. Nilipoigeuza, Mama Paskalina alikuwa ameandika.

"Jicho langu lilienda kwenye neno samahani. Lipo mara nne. Ningeondoa tatu. Pia ningeondoa sentensi ya mwisho."

Baada yake wakafuata wengine, mmoja mmoja, kwa utaratibu ule ule wa kila wiki. Mwalimu aliandika kwamba jicho lake lilienda kwake mwenyewe, kwa sababu aliipeleka picha kwa kamati bila kwenda kutazama bwawa. Dereva wa lori alisema angeondoa kidole changu kwenye matete. Hosea akawa wa mwisho. "Jicho langu lilienda pale uliposema nilifurahi kwenye simu. Ningeiondoa hiyo, tafadhali, mke wangu anasoma grupu hili."

Nilijibu asante. Nilikuwa na haki ya swali moja, nikauliza kama ninaweza kuweka picha Ijumaa ijayo. Hakuna aliyejibu kwa maneno. Hosea alituma picha ya muhuri.

Kalenda ilipotoka, ukurasa wa Juni ulikuwa na korongo wa Hosea, duara jeusi na yote, amewekwa juu chini kwa makosa ya mchapaji. Mama yangu aliitundika jikoni akauliza kama ndiye niliyempiga mimi. Nilimwambia hapana. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi kusema.

Makinda yalitoka mawili. La tatu sijui. Yai huweza kuharibika lenyewe, na huweza kuharibika kwa jua la mtu mmoja kutoka Katesh. Nilimuuliza Mama Paskalina akasema hata yeye hajui, na kwamba kutojua ni sehemu ya kazi. Wodini aliishi nako miaka mingi. Ninalibeba hivyo hivyo.

Nilirudi Gendabi mara nyingi baada ya hapo. Miezi ya kwanza kamera ilikaa ndani ya begi. Mzee aliniweka upande wa mawe, akanionyesha mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote nilichonacho: saa ambayo korongo huja kunywa, ng'ombe yupi ndege humpenda. Kweli kuna ng'ombe anayependwa. Ni jike jekundu, pembe moja imeshuka, na shashi, wale ndege wadogo wanaokula kupe, humjaa mgongoni wakamwacha jirani yake mtupu. Nilimpiga yeye. Picha ile mnaijua, ndiyo iliyo ukutani juu ya kitambaa cha bluu. Shashi yuko pembeni kabisa mwa picha, anachungulia ndani ya sikio la ng'ombe, na jicho la ng'ombe limefumba nusu kwa raha. Hakuna kitu kilicho katikati. Bwana Lohay hadi leo akiitazama hunyoosha kichwa.

Niliiweka Ijumaa moja, nikanyamaza, na safari ile kunyamaza hakukuwa kazi. Mama Paskalina aliandika jicho lake lilienda kwenye kope za ng'ombe. Cha kuondoa, akasema, ni mkia wa ng'ombe mwingine kule nyuma. Ni kweli. Upo. Nilikuwa sijauona, na sikuifuta picha ile.

Nilichapisha nakala nikampelekea Mzee Gidamur. Aliishika mbali na macho, kisha karibu.

"Umekata pembe," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Hii iliyoshuka ndiyo tunayomtambulia. Mara nyingine uilete yote."

Nikampigia nyingine yenye pembe yote. Ni mbaya kidogo kama picha, na imetundikwa nyumbani kwake mahali ambapo mgeni anaiona kwanza. Nilipowaeleza grupu, walipiga kura ya kumwingiza kama mwanachama wa kumi na tatu. Hana simu, kwa hiyo maoni yake huja kupitia kwangu, na huja yakiwa makali zaidi ya yote.

Wiki iliyopita nilikwenda kumuaga. Nilimwambia narudi Gehandu, kwenye shamba la baba, na kwamba kuna vijana wawili, Neema na Elia, watakuja badala yangu. Alikuwa amesimama upande wa mawe, ng'ombe wanakunywa, na ng'ambo ya maji korongo wawili walikuwa wanatembea kwenye matete.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akasema. Akamfukuza nzi usoni kwa ncha ya shuka. Kisha akasema tena, "Marahaba."

Tukaendelea kutazama maji.

Nilipoanza kazi hii nilikuwa sisemi neno mpaka nipate picha. Siku hizi nasalimia kwanza, na picha nyingine huwa sizipati.